Baba, Utupishe Kidogo

Siku mliyoniaga pale kituo cha afya, nilipostaafu, mlinipa mbuzi, blanketi na maneno mengi matamu. Mbuzi na blanketi nilivipokea kwa moyo mkunjufu. Maneno yalinichoma. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba wilaya nzima ya Hanang hakuna anayewajua vijana walevi kama ninavyowajua mimi, akaniomba niandike niliyoyaona ili ninyi msianze upya. Nilitabasamu, nikala pilau, nikarudi nyumbani nikiwa sijui uso wangu niuweke wapi. Wachache wenu mlikuja kujua sababu baadaye. Sasa naandika ili na wengine mjue, maana nikiiruka hiyo aibu nitakuwa nimewaandikia porojo, na porojo mlishazisikia za kutosha kwenye semina.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika zahanati ya Gendabi nikiwa tabibu mpya, suruali imenyooshwa kwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa, na ilikuwa masika. Mnaoijua Gendabi wakati wa masika mtacheka. Hadi nafika mlangoni matope yalikuwa yamepanda magotini na kiatu kimoja nilikuwa nimekishika mkononi. Watoto waliokuwa kwenye benchi walinisalimia "Shikamoo Daktari." Wazee wao walikuwa wanakiangalia kiatu.

Muuguzi mkuu wa pale alikuwa Mama Bura, mama mfupi, mkimya, aliyefanya kazi huku kitenge amekifunga juu ya gauni jeupe la uuguzi kwa sababu ya baridi. Alinipa beseni ninawe miguu, kisha akanikalisha kwenye meza ya kukunja gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda. Siku hizi mnaletewa zimeshafungwa kwenye pakiti. Sisi tulikata wenyewe, tukakunja, tukazipanga kwenye kopo la bati na kuzitia mvuke juu ya jiko la mafuta ya taa. Nikamwambia mimi ni tabibu. Akasema ndiyo, ameona, na tabibu naye akunje pembe ziingie ndani ili nyuzi zisibaki kwenye kidonda. Nilinuna siku nzima.

Baadaye nilielewa ile meza ilikuwa na kazi nyingine. Kijana akiletwa na baba yake kwa sababu amekonda, au anatapika asubuhi, au amepigana, Mama Bura alimgeukia baba kwa heshima zote na kumwambia, "Baba, utupishe kidogo." Kisha anampa kazi huko nje, akamwangalie punda asije akala mboga za zahanati. Punda mwenyewe alikuwa amefungwa vizuri tu. Baba akitoka, kijana anakalishwa mezani wanakunja gozi pamoja. Mikono ikitetemeka, pembe hazikutani, na hapo umeshajua nusu ya habari bila kipimo. Nusu nyingine inakuja yenyewe, kwa sababu kwetu kijana hawezi kusema mambo hayo huku anatazamana na mtu mzima, lakini akiwa anaangalia vidole vyake anaweza.

Wala Mama Bura hakuuliza kama kijana anakunywa. Alisema swali hilo lina jibu moja tu, na jibu lenyewe ni uongo. Aliuliza, "Nani alikuonjesha mara ya kwanza?" Mimi niliyetoka chuoni nilitegemea nisikie habari za marafiki wabaya wa mnadani. Kumbe jibu lilikuwa ni bibi. Au mjomba. Au mama, siku ya kulimiana, majirani wamekuja kupalilia shamba na ujira wao ni pombe, mtoto ametumwa kuchuja pombe akala machicha yake akalala hapo hapo, watu wazima wakacheka. Au togwa iliyokaa siku mbili zaidi, hakuna aliyejali kama bado ni ya watoto. Wengi wetu tulipita huko na hatukudhurika. Nilipomuuliza Mama Bura kwa nini basi wengine wanaanguka, alisema nihesabu mzigo uliobaki mgongoni kwa mtoto baada ya ile pombe kuisha. Amefiwa? Anapigwa? Baba mwenyewe anarudi nyumbani akitambaa? Kichwa chake kina hofu asizoweza kuzisema? Kwa mtoto wa namna hiyo, alisema, ile siku ya machicha haijaisha mpaka leo.

Nililichukua fundisho hilo nusu. Nilipohamia Gitting walinipa kazi ya kuzunguka shuleni kutoa elimu, na chati niliyopewa ilikuwa na picha ya vijana watatu wamesimama kona, mmoja amevaa kofia nyuma mbele. Nikahubiri makundi mabaya. Wanafunzi waliitikia kwa kichwa, mwalimu akashukuru, na mwenyekiti wa kijiji akanichukua kwake nikale chakula cha mchana. Nje kulikuwa na ukungu wa mlima na baridi ya kung'ata masikio. Akaita kibuyu cha pombe kiletwe. Aliyekileta ni mtoto aliyekuwa amekaa mstari wa mbele darasani, bado na sare. Na kama desturi inavyotaka, anayemkaribisha mgeni anaonja kwanza kumwonyesha kwamba kilichomo ni salama. Mtoto akaonja. Hakuonja kidogo. Kisha akanipa kwa mikono miwili, amepiga goti, na mimi, mwenye chati kwapani, nikapokea na kusema asante mwanangu. Kukataa kibuyu cha mwenyeji kungekuwa tusi. Hilo ndilo nililojiambia njia nzima ya kurudi, na halikunisaidia.

Kesi iliyonitisha kuliko zote ilikuja mwaka ule ule. Kijana wa bodaboda alianguka kwenye kona akavunjika mguu. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na fimbo, akakaa pembeni ya kitanda kama mlinzi. Mama Bura, ambaye naye alikuwa amehamishiwa kwetu, siku hiyo alikuwa ameenda msibani. Nikauliza mbele ya mzee kama kijana anatumia kilevi. Mzee akajibu kabla yake, "Nyumba yangu hainywi." Kijana akaangalia ukuta. Tukafunga mguu tukamlaza. Kesho yake akaanza kutoka jasho, akaongea na watu wasiokuwepo, akakaza mwili mzima na kuuma ulimi. Nilikuwa naandaa dawa ya malaria ya kichwani Mama Bura aliporudi. Alimnusa shati, akanitoa sindano mkononi, akampa dawa ya kutuliza, na yule kijana akaponea chupuchupu. Mwili uliozoea gongo kila siku ukinyang'anywa ghafla unaweza kufa, na sisi tulikuwa tumemnyang'anya bila kujua. Mama Bura hakunigombeza. Alisema tu kwamba baba akijibu badala ya mtoto, muuguzi ajue kuwa bado hajauliza.

Tangu hapo niliwatoa akina baba wote. Wazee wa kifugaji kule Hirbadaw walikuwa wagumu zaidi, maana kwao pombe ya asali ni ya wazee na ya shughuli, kijana hagusi. Mzee akikuambia mwanawe hanywi, anakuambia sheria, na anaiamini. Alikuja mmoja na kijana wake aliyekuwa analala mchana kutwa. Jina lake silitaji, kazi yetu inakataza. Nikamwomba mzee akatuangalizie ndama wa jirani, akatoka akilalamika kwamba hajawahi kuona hospitali inayochunga. Kijana akasema yote. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa ukame, akaenda Arusha kulinda geti la tajiri, na walinzi wenzake wakamwonyesha kitu cha kunywa ili asisikie baridi wala kukumbuka. Aliporudi hakuwa na ng'ombe wa kuchunga wala ruhusa ya kunywa kama wakubwa, kwa hiyo akawa anakunywa peke yake porini, haraka haraka, kama mtu anayeiba. Aliniambia kwamba akiwa amelewa ndipo anawasikia ng'ombe kwa majina yao. Nikamwandikia tarehe ya kurudi. Alikuja kliniki, akaacha, akarudia, akaja tena. Alikuwa anapiga hodi akiwa ameinamisha kichwa, nami nilikuwa nafurahi kumwona. Hadi nastaafu alikuwa bado anakuja.

Miaka ya mwisho nililetewa Neema, tabibu msichana kutoka Mbulu, mwenye akili nyingi na adabu kupita kiasi. Hakuweza kumtoa mzee chumbani. Alimwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na mwisho mzee anakaa na kijana anaangalia ukuta. Ikabidi tufanye mazoezi. Jioni wagonjwa wakiisha, mimi nilivaa koti na kuwa baba mkali, nikagonga fimbo sakafuni na kumwambia kijana huyu nilimzaa mimi, nina haki ya kusikia. Wahudumu walicheka mpaka machozi. Neema alikuwa anaanza "Shikamoo baba, samahani baba," nami namwambia rudia. Tulirudia mpaka siku moja akasimama wima, akafungua mlango, akaniambia nitoke. Nilitoka. Nilijivunia sana siku ile, kama baba aliyeozesha binti.

Sasa nifike nyumbani kwangu, na hapa nawaomba mnivumilie, kalamu inakuwa nzito.

Kitinda mimba wangu anaitwa Bayo. Mama yake alifariki yeye Bayo akiwa kidato cha pili, na mazishi yalipoisha nilirudi kazini kwa sababu kazini nilijua la kufanya. Akafeli kidato cha nne. Nikamwambia atarudia mtihani, hakurudia. Akaanza kulala nje, kuuza vitu vidogo vidogo vya mama yake, kusukutua mdomo kwa majani ya mkaratusi kuficha harufu kabla ya kuniamkia. Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi kuyasoma hayo yote kwa kijana wa mtu. Kwa wangu niliyasoma pia, msidhani niliyakosa. Niliyaona kama ninavyoona herufi hizi, nikayafunika. Nilimpa vitamini nyumbani. Nilimfungia chumbani apate nguvu. Majirani walipouliza mbona Bayo haonekani, nilisema ana malaria, na kwa sababu ni mimi niliyesema, waliamini, wakamletea uji.

Nilipanga nikistaafu nimpeleke mbali, mji ambao hakuna anayenijua. Nilistaafu. Bado nikawa natafuta nauli, natafuta wiki nzuri. Asubuhi moja, nikiwa nimemfungia tangu juzi, nilimfungulia atoke kunawa, akaanguka uani akakaza mwili mbele ya kuku, povu na damu mdomoni. Nilijua ni nini kabla hajafika chini. Mji wa mbali ulikuwa mbali, na kituo cha afya kilicho karibu kilikuwa kile kile mliponiaga kwa mbuzi.

Tulifika kwa bajaji ya jirani. Watu waliokuwa kwenye benchi waliinuka kunipisha. "Shikamoo Daktari, umekuja kutusalimia?" mama mmoja aliniuliza kwa furaha, kisha akaona niliyembeba. Nimeingia mlango ule maelfu ya asubuhi. Siku ile nilitamani uwe na tundu la nyuma. Neema alitoka, akamwona Bayo, akampa dawa ya kutuliza, dripu ikawekwa, na baada ya muda kijana akatulia, akafumbua macho. Mimi nikavuta kiti karibu na kichwa chake. Neema akauliza ameanza lini kuwa hivi. Nikafungua mdomo nijibu.

"Baba," akasema Neema, "utupishe kidogo."

Hakuanza na shikamoo wala samahani. Wahudumu wawili walikuwepo na wote walikuwa wanaangalia sakafu. Hasira iliyonipanda nawaambia ukweli ilikuwa ya kumchapa mtu. Mimi! Nilimfundisha mimi! Nikatoka kwa sababu miguu ilikuwa inajua njia, nikasimama uani pamoja na baba mwingine aliyekuwa na mtoto anayeharisha. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia mwanangu ni mlevi. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo, na nililisema kwa mtu nisiyemjua. Akasema pole mzee, akaendelea kumpepea mtoto wake.

Nilikaa sana huko nje. Neema alipokuja kuniita, aliufunga mlango nyuma yake kwanza. Alisema Bayo ameeleza mengi, na yale mengi ni yake, hataniambia. Lakini amegoma kulazwa. Anataka kuchomoa dripu aondoke, na akiondoka leo, ama atakunywa kabla hajafika barabarani au ataanguka tena. Anasema dawa ni za watu wengine. Kwao hakuna aliyewahi kuwa hivi, yeye ndiye wa kwanza kuoza, na ni bora baba asionekane naye. Neema akaniomba niingie nijibu swali moja.

Nikaingia. Bayo alikuwa amekaa kitandani, mkono mmoja juu ya mpira wa dripu. Neema akauliza, kama tulivyozoea kuwauliza wazazi wote, "Kwenye ukoo wenu, kuna mwingine aliyewahi kuwa na shida hii?"

"Hapana," nikasema. Lilitoka lenyewe, kavu, kama kikohozi.

Neema hakubishana. Bayo akaanza kuubandua mkanda wa kunata ulioshikilia dripu, taratibu, kwa ukucha.

"Baba yangu," nikasema. "Babu yake."

Mkono wa Bayo ukasimama. Yeye babu yake anamjua kwa kaburi la saruji lililo nyuma ya nyumba, analolifyekea nyasi kila Krismasi, na kwa habari moja: mzee aliyejenga ukuta wa kanisa, mchapakazi, akafa kwa tumbo. Ukuta aliujenga kweli. Nikawaeleza na lile jingine. Baba hakuwahi kwenda kwenye kulimiana akarudi kwa miguu yake. Mama alikuwa akitutuma tukamkokote. Asubuhi moja ya baridi tulimkuta shambani kwa watu, kwenye ngano, ameshakuwa mgumu, umande mpaka kwenye kope. Nilikuwa mdogo kuliko Bayo. Ami yangu alituambia pale pale, kabla hatujamwinua, kwamba watu wakiuliza tuseme ni tumbo. Tukasema. Mama akasema mpaka anakufa. Nilisomea utabibu nikiwa nalisema, nikawauliza watu swali hili nusu ya umri wangu nikiwa nalisema, na mama yake Bayo nilimwoa nikalala naye kitanda kimoja hadi kifo chake bila yeye kujua.

Nilipomaliza sikuweza kuinua kichwa. Nilikuwa naona viatu vya Neema na miguu ya Bayo isiyo na viatu, basi.

Bayo akauliza, sauti imekwaruza kwa ulimi aliouuma alipoanguka, "Na mimi mlipanga kusema nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Neema akageukia dirishani. Nikatafuta uongo mwingine, sikuuona.

"Malaria," nikasema. "Nilishaanza kuwaambia watu."

Alinitazama machoni, kama ambavyo mtoto wa kwetu hamtazami baba yake. Kisha akaubonyeza ule mkanda ukashika tena, akasogea ukutani, akaniachia nafasi kitandani nikae.